Leseni Iliyoishia Mpakani mwa Bawshar

Siku yangu ya kwanza kazini nilitengeneza mabomba ambayo hayakuwa mabovu, na nilipomaliza ndipo yakawa mabovu. Nalisema hili mapema ili nyinyi vijana mnaosoma, na wengi wenu ni mafundi na wakaguzi wa leo, mjue mnasimuliwa na nani.

Ilikuwa kiangazi, mtaa wa Al Khuwair, wilaya ya Bawshar hapa Maskati, nyumbani kwa Bi Zuweina, mama mmoja aliyetangulia kurudi Omani kutoka Unguja kabla ya sisi wengine. Foroman, yaani msimamizi wetu, alinituma ndani nikaangalie sinki linalovuja, yeye akabaki mlangoni akizungumza na mwenye nyumba. Nikafungua koki yenye alama ya buluu, ya maji ya baridi. Yakatoka maji ya kuchemshia yai. Nikafungua nyekundu, ya maji ya moto. Yakatoka maji ya kunywa. Nikajiambia, fundi aliyekuja kabla yangu alikuwa hamnazo, kapishanisha mabomba. Nikashika spana, nikayapishanisha upya, nikafuta mikono, nikatoka nje kifua mbele.

Wenyeji wa Maskati hapo washaanza kucheka. Kwa wasiojua, tangi la maji huku hukaa juu ya paa, juani kutwa. Kiangazi, koki ya baridi hupokea maji moja kwa moja kutoka huko juu, nayo yamekwisha kupikika. Hita, yaani lile tangi dogo la kupashia maji, limo ndani ya nyumba, kivulini. Basi watu huizima, maji yakakaa humo yakapoa, na koki nyekundu ndiyo ikawa ya maji ya kuogea. Ukiingia msimu wa baridi hita huwashwa, na kila koki ikarudi kwenye rangi yake. Kila mtoto wa hapa anajua. Mie nilikuwa mgeni, nimeshuka juzi tu, na cheti changu cha sekondari bado kinanukia wino.

Bi Zuweina alikwenda kutia udhu, akafungua nyekundu kama alivyozoea. Ukelele alioupiga uliwatoa majirani.

Foroman, mtu wa makamo mwenye asili ya Pemba, hakunigombeza. Alinitazama kama mtu anayetazama gari lililoegeshwa vibaya.

"Umesoma mpaka wapi, mwanangu?"

"Nimemaliza sekondari, foroman."

"Ah. Usijali. Itakutoka taratibu."

Ikanitoka, kwa kweli, na ndiyo maana baada ya miaka kadhaa ya kubeba mabomba ya watu nikastahili kuombewa leseni ya fundi bomba.

Leseni kama nilivyoikuta mie ilikuwa ya wilaya. Kila wilaya ikitoa yake, na ya wilaya moja haikuwa na kazi katika nyengine. Aliyekuwa na leseni ya Bawshar alikuwa fundi Bawshar. Akivuka mpaka, alikuwa mtu aliyebeba spana. Mtihani wenyewe ulifanywa na Mkuu wa Leseni wa wilaya, mzee wa kienyeji, mwenye bakora na ndevu nyeupe, na aliyekuwa na uwezo wa kukaa kimya mpaka ukasema usilokusudia. Alikukaribisha majlisi, yaani sebuleni kwake, akakutilia kahawa, akakupa tende, akakuuliza habari za baba yako. Ukidhani bado mnasalimiana, kumbe mtihani ushaanza.

"Maji ya mtaa wenu," aliniuliza, "yanakuja kwa bomba au kwa lori?"

"Upande wa chini kwa bomba, sheikh. Upande wa mlimani kwa lori."

"Na lori likija tangi likiwa limejaa?"

"Boya linafunga." Boya ni lile puto ndani ya tangi, linaloelea na kuyafunga maji yakifika juu.

"Na lisipofunga?"

"Jirani wa chini anaoga bila kukusudia."

Hakucheka, lakini alinyanyua bakora, na kunyanyua bakora kulikuwa ni ruhusa ya kuendelea. Sehemu ya pili ya mtihani tulikwenda katika nyumba niliyowahi kufanya kazi. Mzee aliweka kiganja juu ya bomba, akasikiliza, kisha akamwita mama wa nyumba kutoka nyuma ya mlango na kumuuliza swali moja tu: "Huyu akimaliza, anafuta?" Mama akajibu kuwa nafuta, ila napiga soga sana. Nikapewa leseni. Nawaambia kweli, vijana, aliyenitahini siku ile hakuwa mzee, alikuwa yule mama.

Uzuri wa mpango ule mnauona. Fundi wa Bawshar alizijua nyumba za Bawshar. Fundi wa Yiti, kijiji cha wilaya nyengine, alijua kuwa maji ya visima vya kule, karibu na bahari, yana chumvi inayokula bomba la chuma kama mchwa anavyokula mlango, na hivyo akiwawekea watu mabomba ya plastiki hata wakitaka ya chuma kwa ajili ya heshima. Sisi wa Bawshar tungefika kule na machuma yetu na kurudi baada ya mwaka kuyalilia.

Ubaya wake nao ulikuwapo. Dada yangu aliolewa upande wa pili wa mpaka, ng'ambo ya barabara kuu, mahali nnapoweza kuona ukingo wa paa lake nikipanda kwenye la kwangu. Koki yake ya jikoni ilipoharibika aliniita. Nikamweleza kuwa sheria hainiruhusu, leseni yangu inaishia barabarani.

"Kwa hiyo fundi nimpate wapi?"

"Mtafute wa wilaya yenu."

"Na wewe chakula cha mchana siku ya Ijumaa utakila wilaya gani?"

Ukweli ni kwamba sheria ile ilinifaa. Mie ni mtu wa nyumbani. Sipendi safari, sipendi kitanda cha watu, sipendi chai iliyotiwa maziwa na mtu asiyenijua. Leseni iliyoishia barabarani ilinipa sababu ya kisheria ya kuwa nyumbani kabla ya alasiri. Mafundi wengine waliilalamikia mipaka. Mie niliitetea kama vile nimeichora mwenyewe.

Mgongo uliponianza, nilihamia ofisini. Kwanza nikawa mkaguzi, kazi ya kupita nyumba zinazojengwa na kutazama mabomba kabla hayajafunikwa kwa saruji. Kisha, Mkuu wa Leseni alipostaafu na bakora yake, nikawa mtahini wa wilaya. Kahawa niliiendeleza. Swali la kufuta niliendelea nalo pia.

Sasa nimtaje Khalfan, maana bila yeye hadithi hii ni ya mabomba tu. Khalfan ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Tulipata leseni mwaka mmoja, kwa mzee mmoja. Mie nilipoingia ofisini, yeye alifungua duka la ufundi lenye jina lake juu ya mlango, kwa herufi zinazosomeka kutoka barabarani. Mtaa mzima ulikuwa wake. Ukimpigia simu anakuja, akija anakuchekesha, akikuchekesha unasahau kuwa ulimpigia jana. Kazi yake ilikuwa safi mno. Mabomba yake yalinyooka kama yamepigwa pasi. Tukisali alasiri pamoja na kisha tukinywa kahawa barazani kwake, kila siku aliyoileta Mungu.

Hapo akatuingilia Mudiri, yaani mkurugenzi mpya wa leseni. Naye ni Mwomani mwenzetu, ila wazee wake walikuwa Tabora, na Kiswahili chake cha bara. Sisi wa Unguja tukimcheka kwa kusema "nimeenda" badala ya "nimekwenda", naye akitucheka kwa kuchukua muda mrefu kufika kwenye jambo lenyewe. Yeye alifika mara moja. Alituita watahini wa wilaya zote katika ukumbi mmoja, akatuambia leseni za wilaya zinakufa. Itakuja leseni moja ya nchi nzima, mtihani mmoja, alama zilezile Maskati, Sur, Nizwa na Salalah. Kila fundi ataufanya mtihani huo. Atakayefuzu atafanya kazi popote. Asiyefuzu hatakuwa na duka. Atafanya kazi chini ya mwenye leseni mpaka arudi na kufuzu.

Nilisimama. Nnakumbuka nilikuwa nimejiandaa. Nikahutubia juu ya chumvi ya Yiti, juu ya malori ya mlimani, juu ya kiganja cha mzee kwenye bomba, juu ya ujuzi wa mahali ambao haumo kitabuni. Wenzangu wakatikisa vichwa kwa kuniunga mkono. Mudiri alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga kalamu yake.

"Bwana Seif, umezungumza vizuri. Nikuulize. Kijana wa Ibri akija kufanya kazi Yiti, hiyo chumvi itamchukua muda gani kuijua?"

"Msimu mmoja, labda."

"Na akija bila kujua kuunga bomba?"

Nikageuza karatasi yangu ya hotuba. Upande wa pili ulikuwa mtupu.

"Basi mimi nataka nipime kuunga bomba. Chumvi itamfundisha yenyewe." Kisha akaongeza, akitabasamu, "Na jambo lingine. Wewe hutetei wilaya. Wewe unatetea mto wako wa kulalia."

Ukumbi ukaangua kicheko, na aliyecheka zaidi ni yule aliyekuwa akitikisa kichwa kwa kuniunga mkono.

Hakukosea. Maana sehemu ya pili ya mpango wake ilikuwa kuwahamisha watahini kwa zamu. Watu wa Maskati wakatahini Salalah, watu wa Salalah waende Nizwa, watu wa Nizwa waende Sur, watu wa Sur waje kwetu, ili pasiwe na mtahini atakayekutana mezani na mtu aliyekula naye. Mie niliwekwa Salalah. Salalah! Watu hulipa kwenda huko kutazama mvua. Mie nilikwenda ofisini kwa Mudiri na kumwekea sababu mezani moja baada ya moja: mgongo, sukari, mama mkwe, na paka mwenye kula kwa mkono wangu tu. Paka nilimtunga.

"Unaomba ubaki Bawshar?"

"Kama inawezekana, ustadh."

"Inawezekana. Lakini ufahamu ninachokupa. Ukibaki, watakaokuja mbele yako ni watu wako. Na karatasi ya alama ni ileile. Siyo ya kahawa."

"Nimefahamu."

"Sidhani," akasema. "Lakini baki."

Nilirudi nyumbani mapema siku ile, nikamwambia mke wangu, Bi Salma, kuwa nimeshinda. Akaniuliza nimeshinda nini. Nikaomba chai.

Jina la Khalfan lilipokuja kwenye zamu yangu, nilimfuata barazani kwake. Kanuni ilimruhusu fundi kuchagua kituo chochote nchini. Nikamwambia achague Nizwa.

"Nizwa kuna nini?"

"Kuna mtahini asiyekujua."

"Sasa hiyo faida au hasara?" Akacheka, akanitilia kahawa. "We Seif, mtu ana jirani mtahini, aendeshe gari mpaka Nizwa akatahiniwe na mgeni? Watu wataniuliza tumegombana."

"Karatasi ni ileile, Khalfan. Sina la kukusaidia."

"Nani kakuomba usaidie? Miaka yote hii nimekuomba? Kazi yangu unaijua."

Hapo ndipo penyewe. Nilikuwa naijua kazi yake, pamoja na kizibo.

Nieleze kizibo, maana ndicho kilichotutenganisha. Kila hita ina kidude cha shaba pembeni, kinaitwa vali ya usalama. Maji yakipashwa hutanuka, na lazima yapate pa kupumulia. Vali ile inaachia matone kidogokidogo kupitia kijibomba chembamba. Hita ikipumua iko salama. Ikizibwa pua, shinikizo hujaa ndani, na ikiwa kidhibiti cha joto nacho kimeharibika, hita hupasuka na kuchukua ukuta pamoja nayo. Sasa, akina mama wa mtaa wetu hawapendi matone. Matone yanachafua vigae. Basi Khalfan alikuwa na kizibo kidogo cha plastiki, kichwa chekundu, ambacho akimaliza kufunga hita hukisokota kwenye kile kijibomba, na matone yakaisha. Kiangazi hita imezimwa, ni tangi tu la maji ya baridi, kizibo hakina madhara. Na kwa kuwa nusu ya mwaka hakina madhara, watu waliona hakina madhara mwaka mzima. Msimu wa baridi hita zikawashwa, vizibo vikabaki. Hakuna iliyopasuka. Alhamdulillahi, hakuna hata moja. Sisi wa ofisi ya wilaya tulikuwa tukikiona na tukisema "Khalfan, Khalfan," kama mtu anavyomwambia mtoto anayekula halwa kwa vidole.

Nilimwambia hata hilo, pale barazani. "Siku ya mtihani usitie kile kidude chako."

"Kidude gani?" akasema, na mgeni mwengine akaingia, mazungumzo yakageuka. Sikuyarudisha. Kahawa ilikuwa nzuri.

Mtihani ulifanywa katika karakana moja nje ya mji. Ukuta wa mbao, hita ukutani, mabomba mezani, fundi anafunga yote, anajaza maji, anawasha, tunangoja ipate moto. Tulikuwa watahini wawili: mie, na bwana mmoja kijana kutoka Sur aliyeletwa kwa zamu, mkimya, mwenye kalamu iliyochongwa. Mafundi wengine waliokuwa wakingoja zamu zao walisimama nyuma ya kamba wakitazama.

Khalfan alifanya kazi kama harusi yake. Alipima kwa jicho, akakata, akaunga, akafuta kila tone. Yule wa Sur alinyanyua nyusi akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu fundi." Nikajivuna kama ni mie.

Hita ikapata moto. Vali ikaanza kupumua: tone, kisha tone. Khalfan akatia mkono mfukoni, bila ya kuutazama, kama mtu anayefunga kifungo cha kanzu, akatoa kizibo chekundu, akakisokota. Matone yakakoma. Akafuta mara ya mwisho, akageuka, akanikonyeza.

"Bwana Khalfan," nikasema, "toa hicho."

"Kijibomba kinadondosha."

"Kinatakiwa kidondoshe."

"Nyumbani kwako mbona hakidondoshi?"

Nyuma ya kamba wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Yule wa Sur hakucheka. Alinitazama, si kwa ubaya, alinitazama tu, na kalamu yake ikangoja. Karatasi ilikuwa na mstari unaosema kuwa vali ikizibwa, fundi ameanguka, hata mengine yote yawe sawa. Hakukuwa na mstari wa anafuta au hafuti.

Nilijua nini kilichokuwa mezani. Lile jina juu ya mlango lingeshushwa. Mtu wa umri wangu, mwenye mikono bora kuliko yangu, angekwenda kubeba mabomba chini ya kijana yeyote mwenye leseni. Na nilijua pia kuwa leseni hii nnayotaka kumpa si ya mtaani kwetu. Nikitia sahihi, kizibo kile kina haki ya kwenda Sur, Ibri, Salalah, katika nyumba za watu ambao hawatamwona tena Khalfan wala hawatajua kuwa hita yao imezibwa. Labda ningemwangusha hata kama mtahini wa Sur asingekuwapo. Labda nisingeweza. Alikuwapo, kwa hiyo sitawadanganya kuwa nilikuwa shujaa.

"Bwana Khalfan," nikasema, "umeanguka."

Alidhani natania. Alingoja nimalizie mzaha. Alipoona simalizii, alikitoa kizibo, akakiweka juu ya meza mbele yangu taratibu sana, akakusanya spana zake moja moja, akazifuta kila moja, akaondoka.

Nilipofika nyumbani nikapanda ngazi bafuni, nikakuta hita yangu imezibwa kizibo chekundu, kama alivyosema. Nikakitoa. Bi Salma akaweka ndoo chini ya matone, akaniuliza ndoo hiyo itakaa hapo mpaka lini. Nikamwambia mpaka nifunge kijibomba kirefu cha kupeleka matone kwenye mfereji wa sakafu. Nilikifunga mwenyewe. Kinavuja mpaka leo, mahali pengine.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya adabu sana. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Khalfan alishusha jina lake dukani, akafanya kazi chini ya kijana mmoja kutoka Barka aliyefuzu mwanzo, na kila tukikutana msikitini alinipa mkono na kunambia, "Salaam aleikum, mtahini." Hakuniita Seif. Kahawa ya baraza ilikwisha. Wake zetu hawakushiriki katika hayo; sahani ziliendelea kupita juu ya ukuta, mandazi yakienda, vipopoo, vile vitonge vya unga katika tui la nazi, vikirudi, na Bi Salma akanambia wazi kuwa sisi tugombane tukitaka, yeye hana mahali pengine pa kupata vipopoo kama vile. Nilikuwa nakula vipopoo vya nyumba isiyonisemesha. Nawaambia vilikuwa vitamu, na hilo lilinikera zaidi.

Kisha Khalfan akajiandikisha tena kwa mtihani, safari hii Nizwa. Aliendesha gari peke yake. Alitahiniwa na mtu asiyejua baba yake ni nani, asiyemtilia kahawa wala kumuuliza habari za watoto, na akafuzu. Nilisikia kutoka kwa mtahini wa kule, aliyenipigia simu kwa mambo mengine, kwamba kapita fundi mmoja wa Bawshar ambaye kazi yake ni ya kutundikwa ukutani. Vali ilikuwa ikidondosha. Jina likarudi juu ya mlango, na herufi zilikuwa kubwa zaidi.

Mie niliendelea na kazi mpaka muda wangu ukafika. Mudiri alinifanyia sherehe ndogo, halwa na kahawa na ngao ya kioo yenye jina langu, na katika hotuba yake akasema kuwa Bwana Seif ndiye mtumishi pekee aliyetumikia nchi nzima bila kulala nje ya Bawshar. Wakapiga makofi. Nikasimama, nikainama kidogo, maana mgongo hauruhusu zaidi.

Vijana huniuliza ipi ilikuwa bora, ya wilaya au ya nchi nzima. Wanataka niseme ya zamani, kwa sababu mie mzee na wazee ndivyo tunavyosema. Siwezi. Leseni ya wilaya ilikuwa na mambo ambayo sijayaona tena: mkono juu ya bomba, mama nyuma ya mlango, fundi anayejua tangi lako bila kupanda paa. Ya nchi nzima haina hata tende moja. Lakini dada yangu sasa anaweza kumwita fundi yeyote, na mtaani kwetu hita zinadondosha, zote, na akina mama wanalalamika vigae vyao. Kila nikisikia malalamiko hayo nalala vizuri. Nililoweza kulijua ni dogo. Chumvi ya Yiti mtu hujifunza. Kumwambia jirani yako ameanguka, hilo sisi wa wilaya hatukuwa tumejifunza, kwa sababu mpango wetu wote ulijengwa ili tusihitaji kulisema.

Khalfan sasa naye amestaafu, duka analo mkwewe. Baraza ilirudi, sijui lini hasa. Nadhani ilianza siku Bi Salma alipokataa kupitisha sahani yao juu ya ukuta, nikaenda kuirudisha mwenyewe. Nilikaa, Khalfan akanitilia kahawa. Kesho yake tena. Hatukuwahi kulizungumza lile jambo mpaka juzi, nilipokuwa naandika kurasa hizi na nikaona si haki kumtia humo bila ya kumuuliza. Nikamsomea sehemu yake yote, ya barazani, ya karakana, ya kizibo. Alisikiliza akiwa amefumba macho, nikadhani kalala. Nikamuuliza kama nimeandika sawa, na kama ana kinyongo cha kunambia, anambie sasa, kabla ya watu kusoma.

Akafumbua macho, akamwaga machicha ya kahawa ya kikombe chake pembeni ya baraza.

"Hukukosea kuniangusha, Seif. Ulikosea kukaa nyumbani. Ungekwenda huko Salalah, mtu wa mbali angeniangusha, nikamtukana njia nzima mpaka hapa, yakaisha siku ileile."